Nyambizi yetu inajiendesha lakini haijui ilipo: utafiti wa mwaka wa mwisho tuuelekeze wapi?

Mwana wa Tudor anauliza:

Assalaam aleikum, na heri kwenu nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa umeme katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, na pamoja na wenzangu wawili tumeshika mradi wa mwisho ambao sasa umetufikisha pahali tunapohitaji kuuliza waliotutangulia. Nia yetu ni kuunda nyambizi ndogo inayojiendesha yenyewe, bila waya wala mtu wa kuiongoza, itakayopita juu ya nyasi za bahari katika maji yaliyo baina ya ufuo wa Nyali na mwamba, ikipiga picha za chini mstari baada ya mstari, kisha irudi ilikoanzia. Picha hizo zikishaunganishwa zitatoa ramani ambayo watafiti wa bahari wanaweza kuilinganisha mwaka hadi mwaka, wajue nyasi zinaenea au zinapungua.

Chombo chenyewe tumeshakiunda. Kina mabomba mawili ya akriliki yenye vifuniko vya alumini. Bomba moja limebeba betri za lithiamu, na la pili limebeba kompyuta ya Raspberry Pi pamoja na kidhibiti cha Pixhawk, ambacho ndani yake mna dira, kipimo cha mzunguko na kipimo cha mchapuko. Nje kuna mota sita za rafadha, kipimo cha kina kinachosoma shinikizo la maji, na kamera inayotazama chini. Chombo kizima kikizama hukalia nafasi ya lita 40 za maji. Programu tumeijenga juu ya ROS, mfumo wa programu za roboti, na kabla ya kugusa maji tulikwisha kuiendesha mara nyingi ndani ya Gazebo, programu ya kuigiza, ambako bahari ni ya kompyuta na hakuna kinacholowa.

Katika bwawa la kuogelea kila kitu kilikwenda sawasawa: ilizama, ikakaa kwenye kina ilichoagizwa, ikachora mraba, ikarudi. Tukatoka pale vifua mbele. Wiki iliyofuata tukaipeleka kwenye gati moja dogo la Tudor, na huko yakatokea mambo mawili. La kwanza ni kwamba ilikataa kuzama. Ilielea kama kifuu cha nazi huku mota za kushusha zikichapa maji mpaka tukaingiwa na hofu kwamba zitaungua, na ikatubidi tufunge vipande vya chuma mpaka ikakubali. Jambo la pili ndilo lililonileta hapa. Tuliipa safari ya dakika 5, ya kwenda mbele, kugeuka na kurudi. Ilipoibuka, kumbukumbu zake zilisema kwamba iko mbele ya gati palepale ilipoanzia, hali sisi tuliiona kwa macho yetu ikiwa umbali wa mita 60 hivi upande wa ndani wa hori, ikielekea kwenye mikoko. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa dau ndiye aliyetufuatia, na hakutaka malipo ila alitaka kujua ni samaki wa aina gani.

Wenzangu wanaamini kwamba kipimo chetu cha mchapuko ni duni na wanataka tuchange fedha tuagize kilicho bora. Msimamizi wetu anasema tusiagize kitu mpaka tuandike swali la utafiti kwa sentensi moja, kwa sababu kuunda nyambizi ni ufundi, na chuo kinataka utafiti. Tumebakiwa na miezi 7. Naomba mnisaidie kujua kosa lile la mita 60 lilitoka wapi, na katika mradi wa namna hii ni sehemu ipi inayostahili kuitwa utafiti.

Bildi anajibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nilifanya kazi ya aina hii kwa miaka kadhaa nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Kabla hamjachanga hata shilingi moja, gawanyeni mita 60 kwa sekunde 300 za ile safari. Jibu ni mita 0.2 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida kabisa ya maji ya hori, na kwa kuwa chombo kiliibukia upande wa ndani, nathubutu kusema kwamba wakati ule maji yalikuwa yakijaa. Rafadha zenu zilifanya kila mlichoziagiza, lakini maji yenyewe yalikuwa safarini. Fikiria abiria anayetembea kutoka omo hadi tezi ya feri ya Likoni na kurudi: ukimuuliza atakwambia yupo palepale alipoanza, na kweli yupo, ila feri imekwisha kumvusha.

Kipimo bora cha mchapuko hakitawaponya. Kipimo hicho huhisi kuongezeka na kupungua kwa kasi tu. Kompyuta hulazimika kujumlisha mara ya kwanza ili ipate kasi, na mara ya pili ili ipate umbali, na kosa lolote la mwanzo hujumlishwa pamoja na hesabu. Tuseme kipimo kinakosea kwa mita 0.01 kwa sekunde kwa sekunde, jambo ambalo kwa vipimo vya bei ya mwanafunzi si la kushangaza. Baada ya dakika 1 kosa la mahali litakuwa mita 18. Baada ya dakika 5 litakuwa mita 450, kwa sababu linakua kwa mraba wa muda. Mnaona basi kwamba mita 60 zenu ni bahati njema, na sababu ni kwamba programu yenu, kama nimekuelewa, inakadiria mwendo kutokana na nguvu za rafadha na mwelekeo wa dira, wala haitegemei hicho kipimo cha mchapuko mnachotaka kukibadilisha.

Mtu asiyeizoea kazi hii huuliza kwa nini tusitumie GPS kama kila mtu. Maji ya bahari hupitisha umeme, na kitu kinachopitisha umeme humeza mawimbi ya redio. Ishara za setilaiti hazivuki hata shibiri moja ya maji ya chumvi. Kinachosafiri vizuri huko chini ni sauti, ambayo hukimbia kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Hata hivyo, mkiwa na chombo kilicho mita 750 kutoka kwenu, swali kwenda na jibu kurudi huchukua sekunde nzima, na modemu za sauti hubeba taarifa kidogo mno kiasi kwamba habari ya kupokea video mnaweza kuisahau. Ndiyo maana chombo cha chini ya maji lazima kijifikirie chenyewe. Nyambizi ya kwanza ya namna hii, SPURV, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1957, ilikumbana na tatizo hilihili, na sisi bado tunahangaika nalo mpaka leo.

Waliotangulia wamelizunguka kwa njia kadhaa. Wapo wanaoibuka mara kwa mara ili kujisomea mahali kwa GPS. Hivyo ndivyo ilivyofanya RU27 ya Chuo Kikuu cha Rutgers, chombo kisicho na rafadha kabisa, kinachopanda na kushuka kwa kubadilisha wepesi wake na kuteleza mbele kwa mabawa. Mwaka 2009 kilivuka Atlantiki kutoka New Jersey hadi Uhispania kwa siku 221. Njia hiyo ni nzuri pale juu panapokuwa wazi. Pasipo wazi, ni balaa: mwaka 2005 Waingereza walipoteza nyambizi yao Autosub2 chini ya barafu ya Fimbul huko Antaktika, kwa sababu chombo kikipata hitilafu chini ya barafu hakina pa kuibukia. Wengine hutega vitoa sauti chini ya bahari kama minara, chombo kikajipima umbali wake kutoka kwa kila kimoja.

Njia iliyoenea zaidi kwa kazi ya ramani ni kipimo cha mwendo cha Doppler. Kifaa hicho hutuma miale ya sauti, kwa kawaida minne, kuelekea chini kwa mshazari, kisha husikiliza jinsi sauti iliyorudi ilivyobadilika. Ni jambo lilelile linalofanya honi ya matatu isikike kali inapokuja na nzito inapokwisha kupita. Kwa kuwa kinapima mwendo juu ya ardhi ya chini na si mwendo ndani ya maji, mkondo hauwezi kukidanganya. Nyambizi za REMUS 6000 zilizoyapata mabaki ya ndege ya Air France 447 mwezi Aprili 2011, kwenye kina cha karibu mita 3,900, zilikuwa zikienda hivyo, mstari kando ya mstari kama mtu anayepalilia matuta, na sona, yaani vifaa vya kuonea kwa sauti, zikitazama pande zote mbili. Ubaya wake ni bei. Hata vile vidogo kabisa vinauzwa kwa maelfu ya dola, na sidhani wenzako walipanga kuchanga kiasi hicho.

Sasa nakuja kwenye lile la msimamizi wako, ambaye kwa maoni yangu amewapa nasaha ya thamani kuliko kifaa chochote. Ninyi mna kamera inayotazama chini. Picha mbili zinazofuatana zikilinganishwa, alama za chini zinaonekana zimesogea. Ukijua chombo kiko juu ya ardhi kwa umbali gani, kusogea huko unakigeuza kuwa kasi. Kwa hiyo kamera, ikisaidiwa na kipimo kidogo cha mwangwi cha kutoa umbali wa chini, inaweza kufanya kazi ya Doppler kwa sehemu ndogo ya gharama. Juu ya matumbawe na mawe jambo hili linafanya kazi vizuri. Juu ya nyasi za bahari lina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo hazina yenu: nyasi hazitulii. Wimbi likipita zinalala upande mmoja, likirudi zinalala upande wa pili, na kamera inadhani ni chombo kilichosogea. Swali lenu, kwa sentensi moja ambayo msimamizi wako anaidai, lingekuwa hivi: kosa la mahali linalotokana na kamera juu ya nyasi zinazoyumba linazidi kwa kiasi gani lile la juu ya mchanga na matumbawe, na je, kuyatambua mayumbo yale na kuyaondoa kwenye hesabu kunalipunguza kwa kiasi gani?

Hapo mtahitaji ukweli wa kulinganishia. Fungeni boya dogo lenye GPS kwa kamba, chombo kilikokote. Jihadharini, kwa maana kamba ya mita 4 kwenye kina cha mita 3 inaweza kuliacha boya nyuma kwa mita 2.6, na GPS ya kawaida nayo ina kosa lake la mita chache. Kwa hiyo safari ziwe za mamia ya mita, ndipo kosa mnalolipima liwe kubwa kuliko kosa la mizani yenu. Njia nyingine isiyo na gharama ni kulaza kigae kilichopakwa rangi chini ya maji, chombo kianze juu ya kigae hicho na kimalizie juu ya kigae hichohicho. Tofauti baina ya pale kinapodhani kipo na pale kigae kilipo ni kosa tupu, halihitaji setilaiti.

Fundi Oringi anajibu:

Ndugu Bildi amemaliza habari ya mahali, mimi niseme la kuelea, kwa kuwa naona limepitwa kama jambo dogo na ndilo litakalowazamishia chombo.

Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, na lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Chombo chenu kinakalia lita 40. Zidisheni, mtaona kwamba chombo kilichosawazishwa barabara kwenye bwawa kikiingia baharini kinapata wepesi wa kilo nzima, na mota zenu zilikuwa zikipigana na kilo hiyo. Usawazishaji wa bwawani hauna maana yoyote kwa baharini. Na Tudor si bahari moja kila siku: mito ya Kombeni na Tsalu inamwaga humo, na wakati wa masika maji ya juu hupungua chumvi, hivyo farumi, yaani uzito wa kukisawazisha chombo, ya mwezi wa pili haitafaa mwezi wa tano. Nendeni na vipande vidogo vya risasi vya gramu 50, msawazishe palepale kazini, asubuhi ileile.

Msiisawazishe ikawa kama haina uzito kabisa. Iachieni wepesi wa gramu 200 hivi, ili siku umeme utakapokatika ipande juu yenyewe. Farumi ikae chini kabisa, na vya kuelea vikae juu, chombo kisipinduke kila mota inapovuta.

Kuhusu oringi, zile pete za mpira zinazoziba vifuniko vya mabomba, unywele mmoja au chembe moja ya mchanga wa Nyali inatosha kuingiza maji. Pakeni grisi ya silikoni kidogo, isiwe nyingi kama siagi ya mkate, na kabla ya kila safari nyonyeni hewa kutoka ndani ya mabomba kwa pampu ya mkono, kisha mtazame mshale wa kipimo kwa dakika 15. Ukishuka, kuna njia ya maji, na heri kuijua mkiwa juu ya meza. Vilevile nimesoma kwamba vifuniko vyenu ni vya alumini. Kama mmevikaza kwa skrubu za chuma cha pua, maji ya chumvi yatavigeuza kuwa betri na alumini ndiyo itakayoliwa. Suuzeni kwa maji matamu kila mkitoka, bila kukosa hata siku moja.

Na dira iondolewe karibu na nyaya za betri. Mota sita zikivuta kwa pamoja, umeme unaopita katika nyaya hizo unatosha kuipotosha, na mtamlaumu mtu asiyehusika.

Binti Mikindani anajibu:

Samahani nikiingia na ubishi. Mimi nimesoma sayansi ya bahari, si uhandisi, na nyasi za bahari nimezihesabu kwa mikono, nikiwa na fremu ya mraba na ubao wa kuandikia chini ya maji. Katika maji ya ndani ya mwamba pale Nyali, maji yakipwa na jua likiwa zuri, ndege ndogo isiyo na rubani inapiga picha za eneo kubwa ndani ya nusu saa, na nyasi zinaonekana wazi kutoka angani. Kwa nini basi mtu ahangaike na oringi na farumi na kamera inayodanganywa na mawimbi? Wahandisi mna tabia ya kutafuta tatizo linalolingana na chombo mlichokwisha kukiunda. Nauliza kwa nia njema, na ningependa kujibiwa kabla sijaambiwa kwamba ni ubunifu.

Bildi anajibu:

Dada, hujakosea hata kidogo, na wenye mradi wanapaswa kuliandika swali lako katika sura ya kwanza. Kama lengo lingekuwa ramani ya nyasi za Nyali na basi, ningewashauri wauze mota.

Lakini ndege huona pale tu ambapo mwanga unafika chini na kurudi juu. Ukitoka nje ya mwamba, mteremko unaposhuka, haioni. Ndani ya Tudor haioni. Na hata pale inapoona, haiwezi kukuambia kama hizo nyasi ni za jani pana au jembamba, wala kama zimefunikwa na mwani, mambo ambayo wewe unayaandika kwenye ubao wako. Watafiti wa Kituo cha Taifa cha Elimubahari cha Uingereza na wenzao wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar walitumia roboti za baharini pembezoni mwa Unguja na Pemba mwaka 2019 kwa sababu kama hizo.

Kwa mradi huu, maji ya Nyali yana faida moja kubwa ambayo umeitaja wewe mwenyewe bila kukusudia: kwa kuwa ndege inaweza kuyapiga picha, tayari tutakuwa na ramani ya kweli ya kuisahihishia nyambizi. Chombo kijaribiwe kwanza mahali ambapo majibu yanajulikana. Kikikosea hapo tutaona kimekosea kwa kiasi gani, jambo ambalo nje ya mwamba hatungeliona kabisa. Nawaomba hawa vijana wakutafute uwahesabie miraba michache kwa fremu yako. Kazi yao itakuwa na uzito zaidi ikiwa na jina la mtu anayezijua nyasi.

Mwana wa Tudor anajibu:

Nawashukuru sana. Nimerudi kwenye simu nikatazama saa za picha tulizopiga siku ile, nikazilinganisha na jedwali la maji. Ndugu Bildi, ni kweli, maji yalikuwa yakijaa, na tulikuwa katikati kabisa ya kujaa kwake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kulitazama jedwali, ilhali sote watatu tumezaliwa kisiwani. Skrubu nazo ni za chuma cha pua. Nilipozifungua leo nimekuta unga mweupe umeanza kujikusanya pembeni mwa matundu.

Dada Binti Mikindani, nimekubali, na nitakutafuta kupitia kwa msimamizi wangu.

Naomba jambo moja zaidi kwa wanaoyajua maji ya Nyali: twende wakati gani, na tunahitaji ruhusa ya nani?

Mzee wa Kibokoni anajibu:

Mwanangu, umeuliza la maana mwishoni ambalo ungeliuliza mwanzo. Mimi si msomi wa mitambo. Nimekuwa baharia, nikapiga mbizi miaka mingi, na sasa nimekaa barazani nasoma mnayoyaandika.

Usiende kwenye bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu yanaweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita. Maji mengi hivyo hayawezi kuingia na kutoka bila kukimbia. Yakipwa siku hizo, ndani ya mwamba utatembea kwa miguu mahali pengi, na nyambizi yako italala juu ya nyasi badala ya kupita juu yake. Nenda siku za maji mafu, tarehe 8 au 9 na tarehe 22 au 23 za mwezi mwandamo. Hata siku hizo, anza kazi maji yanapokaribia kusimama, kwa sababu yakianza kutoka yanakimbilia kwenye milango ya mwamba, na kitu kinachoelea hufuata njia hiyo hadi bahari kuu. Fanya asubuhi mapema kabla upepo haujapanda na kuvuruga uso wa maji.

Msimu pia una maana. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, maji yana weupe na kamera itaona. Kusi ikiingia, mvua za masika zinaleta tope la mito na bahari inachafuka. Kama mna miezi 7, hesabuni vizuri, kazi ya majini iishe kabla ya Aprili. Ya kuandika mtaifanya mvua ikinyesha.

Maji hayo ya Nyali yamo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, na walinzi wake ni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Msiingize mtambo humo bila barua yao, na kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi; msimamizi wenu anaijua njia. Mkirudi Tudor, toeni taarifa kwa wenye bandari. Kuna jambo jingine ambalo vijana wenye mitambo hulipenda sana: mbele ya Ngome ya Yesu kuna mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mwaka 1697 ngome ilipokuwa imezingirwa, na ambayo wataalamu wa mambo ya kale walianza kuifukua mwaka 1977. Najua mtatamani kuipiga picha. Pale ni mali ya kale ya taifa, na mkondo wa pale si wa kuchezea, kwa hivyo msiipeleke huko bila idhini ya Makumbusho.

Mwisho, safari za kwanza ifungeni kamba, hata kama mnaona haya kuita inajiendesha ikiwa na kamba. Awepo mtu mwenye upondo ndani ya mashua, na boya lenu lipakwe rangi kali, kwa sababu mashua zenye kioo chini zinazobeba watalii hupita hapo na nahodha wake hatarajii kukuta kompyuta chini ya rafadha yake.

Fundi Oringi anajibu:

Kwa hizo skrubu, weka vikombe vidogo vya plastiki vya kuvalisha skrubu (bushi) baina ya skrubu na alumini ili vyuma viwili visigusane, na matundu uyapake grisi. Unga mweupe ukishaanza, sugua mpaka uone chuma, vinginevyo oringi ya mfuniko haitakaa.

Mwana wa Tudor anajibu:

Tumekaa leo na msimamizi, na swali limekubaliwa kama alivyoliandika ndugu Bildi, ila ameongeza sharti: tupime katika sehemu tatu za maji yaleyale, yaani juu ya mchanga mtupu, juu ya nyasi na juu ya matumbawe, safari zisizopungua kumi kila mahali, zote zikianzia na kumalizikia juu ya kigae. Kipimo cha mchapuko hakitanunuliwa. Fedha ile itanunua kipimo cha mwangwi na GPS ya boya, na itakayosalia itakodi mashua.

Barua ya KWS imeandikwa na inasubiri muhuri wa idara. Risasi tumezipata kwa fundi wa nyavu, naye amezikata vipande vya gramu 50. Mzee wangu, ikiwa ruhusa itatoka kwa wakati tutashuka Nyali asubuhi ya tarehe 8 ya mwezi mwandamo unaokuja, na kamba itakuwapo.